Mtu wa Oktoba

Celestine alikuwa na jambo moja la kujivunia, na alilisema hata asipoulizwa: hajawahi kula deni la mtu. Kwao Ikonge, mkulima wa chai hulipa madeni bonasi, yale malipo ya mwaka ya kiwanda cha chai, ikiingia Oktoba. Duka hungoja Oktoba, karo hungoja Oktoba, hata fundi wa mabati hungoja. Bonasi ikishaingia, mtu analipa zote kwa mkupuo, anampa mdai wake mkono, mambo kwisha.

Kwa hivyo siku ile ya kuomba mkopo wa nyumba, Haron, afisa wa mikopo katika benki moja mjini Kisii, alipomgeuzia kompyuta, Celestine alidhani anaonyeshwa sifa zake.

"Mama, huu mkopo wako wa ng'ombe ulikuwa wa kulipwa kila mwezi."

"Na si niliumaliza? Hata shilingi haikubaki!"

"Uliumaliza. Lakini miezi ilipita bila kitu, halafu Oktoba ukamwaga zote. Mwaka wa pili vilevile. Kwa rekodi hii wewe ni mtu wa kuchelewa, na mkopo wa nyumba hawatakupa sasa. Anza kulipa madeni yako kila mwezi bila kuruka, mwaka mzima, kisha urudi."

"Kijana, kwani wewe si wa huku? Hujui bonasi?"

"Mamangu anachuma chai," Haron alisema kwa upole. "Mimi najua. Kompyuta ndiyo haijui."

Ala! Mtu mzima kuitwa mchelewaji! Celestine alitoka amefura. Lakini chini ya hasira kulikuwa na hofu, maana nyumba aliyotaka kununua ndiyo hiyo aliyopanga kule Kiogoro, alimoweka cherehani yake ya kushonea sare, na ndimo mumewe alimofia. Mwenye nyumba, Batuli, alikuwa anaiuza, na mtu wa Nyamarambe alikuwa tayari na pesa taslimu.

Akaenda moja kwa moja kwenye duka la vitambaa la Batuli, ambaye alizoea kumwita Mama Uzair kwa jina la mwanawe.

"Mama Uzair, hebu waambie hao wa benki! Eti nilipe kila mwezi mwaka mzima ndipo wanipe mkopo wa kununua nyumba yako. Miaka sita nimekaa kwako, umewahi kunidai ukakosa?"

Batuli aliendelea kukunja kitambaa. "Sijakosa. Nimengoja."

"Lakini si mwishowe nalipa zote..."

"Celestine, kodi ni ya kila mwezi, nawe hunilipa Oktoba. Ukifika Mei, duka halina wateja, unajua mimi nakula nini? Nakopa kwa shemeji yangu, ananisimanga mbele ya watoto wangu. Nilikuona mjane, nikashindwa kusema. Ndiyo maana nauza. Nyumba hainilishi."

Celestine aliona haya, haya ya kweli, mpaka masikio yakamwaka moto. Miaka yote hiyo alikuwa akimpa huyu mama mkono kwa majivuno, na mama wa watu anaupokea huku akitabasamu.

"Yule mtu wa Nyamarambe anakuja tarehe kumi Machi," Batuli alisema. "Siwezi kukuahidi kitu."

Celestine hakuomba ahadi. Alikwenda shambani kwake Ikonge akauza mikungu ya ndizi, akauza na majogoo aliowafugia wageni. Wazazi waliotaka sare za shule kwa mkopo akawaambia wazi kuwa safari hii haiwezekani. Tarehe tano Machi, kabla chai haijachemka, akamtumia Batuli kodi kwa simu.

Simu ikalia papo hapo.

"Celestine, umekosea namba? Hii si Oktoba!"

"Sijakosea, Mama Uzair. Leo ni tarehe tano, siku ya kodi."

Batuli akauliza, "Na ile ya miezi iliyopita?"

"Nitaongeza kidogo kila mwezi mpaka iishe. Sitaki tena ukope kwa ajili yangu. Ukiuza, uza, lakini pole. Sikujua, na ilinipasa kujua."



"Yule wa Nyamarambe nitamwambia atafute kwingine," Batuli alisema, sauti imelegea. "Nitakungoja huo mwaka wa benki. Lakini ole wako uniletee habari za bonasi!"

Celestine alicheka huku machozi yakimtoka. Kisha akafuta uso kwa leso, akavuta kiti, akaketi kwenye cherehani. Aprili haikuwa mbali.