Bawaba ya Kushoto

Fundi miwani alikuwa mtu wa majibu. Mtaa mzima ulimwita Bwana Jibu, machoni na kisogoni, naye hakuona ubaya. Ukiingia dukani kwake kununua kitambaa cha kufutia lenzi, ulitoka umeshaambiwa shule ya kumpeleka mwanao, dawa ya mgongo na rangi ya kupaka sebuleni. Swali zima hakulihitaji. Nusu ilimtosha.

Alikuwa na mdogo wake mmoja wa kike, aliyemwita Kitinda kwa kuwa ndiye kitinda mimba wa mama yao. Miaka mitatu nyuma huyo Kitinda alimjia na begi, akasema kwa mumewe harudi. Bwana Jibu alimpa maji ya kunywa na jibu, vyote ndani ya dakika kumi: ndoa ikiwa changa huwa na vurugu zake, avumilie, atazoea. Kisha akamrudisha mwenyewe hadi mlangoni kwa mumewe, begi kalibeba yeye, njia nzima akimchekesha.

Baada ya hapo Kitinda akawa mteja. Mara ya kwanza alileta miwani yake imelegea bawaba ya kushoto, pale mkono wa miwani unapoungana na fremu. Aliikalia, alisema. Mara ya pili ikawa bawaba ileile. Ilimponyoka bafuni. Fundi aliitengeneza huku akimgombeza kwa mapenzi kwamba hajui kutunza vitu. Mara ya tatu fundi alikuwa ameshika bisibisi tayari, akaitazama ile fremu, akawaza kwamba miwani ikianguka haichagui upande. Akainua macho. Kitinda alikuwa amemgeuzia shavu la kulia.

Alimwuliza. Akakana, akachukua miwani yake, akaenda zake.

Tangu siku hiyo fundi hakuwa mtu. Chakula hakipiti, na lenzi za wateja alizikata ovyo, mbili ndani ya wiki moja, yeye aliyekuwa akijisifu kwamba hajaharibu lenzi tangu aoe. Mkewe alikuwa mkunga, na hana subira na wanaume wanaougua kimyakimya. Akamtafutia mshauri nasaha, wa kuzungumza naye kwa video kwenye simu, akamwambia hilo si ombi.

Basi kila Alhamisi saa saba mchana fundi alifunga duka, akaingia chumba cha nyuma, akaegemeza simu kwenye boksi la fremu kando ya mashine ya kukatia lenzi. Mshauri alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini, nyuma yake ukuta mweupe basi. Fundi alimweleza yote tangu lile begi hadi bawaba, akamalizia, "Sasa niambie nifanye nini."

Mama yule alisema anasikia jinsi jambo hili linavyomlemea. Kisha akanyamaza. Fundi alidhani mtandao umekatika, akaitikisa simu. Haukuwa umekatika.

Wiki nne zilikwenda hivyo. Yeye anauliza, mama anamrudishia maneno yake mwenyewe, polepole, kama mtu anayekuonyesha ulichodondosha. Fundi akamlalamikia mkewe kwamba ameona mengi duniani, lakini mshauri asiyeshauri ndiyo kwanza. Ni sawa na kwenda kwa kinyozi, akakaa kukutazama nywele.

Wiki ya tano mama alisema, "Siku ile alipokuja na begi, unatamani ungemsikiliza mpaka mwisho."

Fundi akafungua mdomo amjibu, akajikuta analia. Alilia hadi akajifuta kwa kitambaa cha lenzi. Mama hakumwambia anyamaze wala hakumwambia atapona. Alikaa naye tu. Fundi alipotoka mle ndani alijiona mwepesi, na hapo hapo akala kiapo: tangu leo hampi mtu jibu.

Jamani, huyu naye! Badala ya kujifunza kusikiliza, alijifunza maneno ya wasikilizaji. Mkewe akisema chumvi imeisha, anaambiwa, "Nasikia chumvi inakutia wasiwasi." Mkewe akamjibu kwamba kama amesikia, duka liko pale. Mteja mmoja aliuliza ipi inamfaa kati ya fremu mbili, akaambiwa ajisikilize mwenyewe. Akaondoka na fremu iliyomfanya afanane na bundi. Fundi akafurahi. Alijiona amepata ufundi wa pili.

Jumamosi, mchana bado mweupe, simu ililia. Kitinda.

"Kaka, nimetoka. Niko stendi, na begi. Nifanye nini?"

Neno lilimjia ulimini lenyewe: njoo. Lilikuwa pale kabisa. Lakini akakumbuka dakika kumi za mwaka ule, akakumbuka kiapo, akalimeza.

"Nasikia umechoka, mdogo wangu," alisema.

"Nimechoka sana. Nifanye nini, kaka?"

"Wewe mwenyewe unaona nini kitakufaa?"

Kitinda hakujibu. Fundi akauacha ukimya ukae, kama alivyokuwa akiachiwa yeye, na tena, Mungu amsamehe, akaona anauweza vizuri. Alisikia kelele za mabasi na mtu anayeita abiria.

"Basi, kaka," Kitinda alisema. "Nimeelewa."

Fundi alirudi nyumbani anatabasamu, akamsimulia mkewe. Mkewe alikuwa anakunja nguo za kazi. Aliiweka ile aliyoshika, akamtazama.

"Yuko wapi sasa hivi?"

Fundi hakuwa ameuliza anakoelekea.

Walipiga simu ya Kitinda, imezimwa. Walikwenda stendi mbio, fundi na kandambili zake. Muuza maji alimkumbuka dada mwenye begi la bluu. Alikaa pale kwenye benchi muda mrefu, simu mkononi, kisha akampigia mtu, na baada ya robo saa mwanamume akaja kumchukua. Alimbebea begi, alisema muuza maji. Mwanamume mpole kweli.

Alhamisi ilipofika fundi hakusubiri salamu. Alimwambia mama yule kila kitu, akamwambia kwamba ni yeye aliyemfundisha kunyamaza.

"Una hasira na mimi," mama alisema.

"Ninayo."

"Naielewa." Macho yake yalikuwa yamelowa. Kisha akafanya asilolifanya wiki zote zile: akauliza kama Kitinda yuko salama leo, akamtajia namba ya simu ya watu wanaowahifadhi wanawake wanaopigwa, akamtaka aiandike mbele yake.

Fundi aliandika nyuma ya boksi la fremu. "Kumbe unajua kumwambia mtu la kufanya," alisema.

Mama alimsomea namba ile tena.

Fundi alipokata simu alimpigia Kitinda, na safari hii ilipokelewa. Akayatoa yote kwa pumzi moja: njoo, chumba kiko tayari, wifi yako ameshatandika, nakuja kukuchukua sasa hivi, na kuna namba hapa, iandike, nilikosea, nilikosea mara mbili.

Kitinda alimwacha amalize. Sauti ilipokuja ilikuwa tulivu, ya mtu aliyeamua asisumbue wengine.

"Nasikia unajuta, kaka," alisema. "Asante."

"Kitinda, nakuja."

"Usije. Yupo." Akashusha sauti. "Nikuulize kitu. Zile kamba za shingoni, za kushikia miwani isianguke. Unazo?"

Fundi alilitazama kabati la vioo. Zilining'inia pale, nyeusi, kahawia na nyekundu, dazeni nzima.

"Ninazo," alisema.

"Niwekee moja, basi. Nyeusi." Simu ikakatika.

Alitoa ile nyeusi, akaijaribu kwa kuivuta kama itahimili. Ilihimili. Akaifunga kwenye karatasi na kuandika jina la mdogo wake juu, kisha akakaa kwenye stuli na kile kifurushi mapajani, na wateja walipogonga mlango hakwenda kufungua.