Nyanya ya Mkubwa

Mkubwa aliumaliza ujana wake kwenye nyanya moja. Wenzake waliolewa, wakazaa, wengine wakaachika. Yeye yumo kwenye nyumba ya vioo ya kituo cha utafiti, anachavusha. Na nyanya ikatoka sugu kweli. Bakteria wa madoa wakijipenyeza kwenye jani, wanakuta king'ora kimeshalia. Ilibaki idhini tu iende kwa wakulima.

Ndipo mdogo wake, tumbo moja ziwa moja, aliporudi na shahada. Akapewa chumba cha jirani, anaambukiza miche ya nyanya madoa hayo kwa makusudi aone ipi itapona. Mkuu wa kituo akawa haishi kumwambia Mkubwa, "Umemwona mdogo wako? Kile ndicho kichwa!" Kana kwamba Mkubwa alibeba boga shingoni.

Wivu haulali njaa. Kila mchana mdogo akienda kula, Mkubwa aliingia kuchungulia. Na mkono uliozoea nyanya hautulii: ukiona kichipukizi kwapani mwa shina, kucha zinakinyofoa zenyewe. "Shahada tele, kupogolea hajui," alinung'unika, kisha akarudi kwake kunyofoa vya kwake. Kunawa hakunawa.

Haikupita muda nyanya zake zikatapakaa madoa meusi.

Mdogo alilitazama jani, akaketi juu ya ndoo. "Dada, bakteria hawa ni wangu, wa chumbani kwangu. Huichoma seli sindano, wakamwaga protini za kuzima king'ora. Nyanya yako iliijua protini moja tu, kama mlinzi anayemjua mwizi kwa koti. Hawa nimewatoa mashambani, na koti wameshalivua."

"Kumbe wangeifikia tu."

"Wangeifikia. Ila humu kawaleta nani?"

Mkuu, aliyesimama mlangoni, alikuwa na jibu, kama wakuu walivyo nalo tangu zamani. "Mfagizi. Ndiye anayezunguka vyumba vyote. Aende."

"Mimi, bosi?" mfagizi, aliyekuwa akifagia nyuma yake, akaruka. "Majani yenyewe yananiwasha, siyagusi!"

Mkubwa alimgeukia mdogo wake, akaona huruma machoni mwake. Afadhali angecheka.

"Mwacheni mama wa watu. Nyanya nimeizaa mwenyewe, nimeiua mwenyewe. Hata hilo mnataka kumpa mwingine?"

Mdogo akainuka kwenye ndoo.

"Chumbani kwangu ulifuata nini, Dada?"

"Kuona kama miche yako imekufa."

"Ukaona nini?"

"Mingine imekataa kufa," Mkubwa akasema. "Hiyo ndiyo iliyonirudisha kila siku."