Toleo Jipya Kabisa

"Kwangu inafanya kazi," alisema Mtaalamu, akageuza kiti na kumpa Kitinda kisogo.

Ndivyo alivyosema Jumatatu, na ndivyo alivyosema kila siku iliyofuata, kwa sauti ileile ya mtu anayefukuza nzi. Leo ilikuwa Ijumaa. Katika ofisi hiyo ya watengeneza programu kulikuwa na utaratibu mmoja usio na huruma: mgeni anakuja na kompyuta yake, anapewa msimbo, yaani maandishi yanayounda programu yao ya kupanga zamu za wauguzi, kisha anaambiwa asakinishe zana zote mwenyewe na kuiwasha. Ikiwaka kabla ya wiki kuisha, anabaki. Isipowaka, anashukuriwa kwa muda wake na kuoneshwa mlango. Mtaalamu aliuita utaratibu huo "kipimo", na aliujivunia kama vile ni daraja alilolijenga kwa mikono yake.

Kitinda, aliyepewa jina hilo nyumbani kwa kuwa wa mwisho kuzaliwa, alikijua kipimo hicho kabla hajakanyaga pale. Kaka yake mkubwa aliwahi kukaa katika ofisi hiihii, akahangaika wiki nzima, akaondoka. Walimwambia hajui hata kuandaa kompyuta yake, sembuse kuandika programu. Na huyo kaka ndiye aliyemfundisha Kitinda kila alichokijua, pale kwenye meza ya jikoni, kwa subira ambayo hata mama yao hakuwa nayo. Tangu alipofukuzwa hakugusa tena msimbo. Alikuwa akibadilisha vioo vya simu kwenye kibanda cha mjomba wao. Ukoo ukikutana walimwita Injinia, wakacheka, naye akacheka nao. Kicheko hicho ndicho kilichomkata Kitinda maini. Alipoomba kazi hapa hakumwambia mtu yeyote yeye ni dada wa nani. Kazi aliitaka, ndiyo, lakini zaidi alitaka kujua ni kitu gani hasa kilichomshinda kaka yake.

Sasa kitu chenyewe kilikuwa mbele yake, maandishi mekundu kutoka juu ya skrini hadi chini.

Maagizo ya Mtaalamu aliyafuata neno kwa neno. "Weka toleo jipya kabisa la kila kitu," alimwambia siku ya kwanza. "Hapa hatutaki makorokoro ya zamani." Basi akaweka zana kuu mpya, ile inayoendesha msimbo wote. Kijiprogramu cha tarehe kikagoma, eti zana hiyo ni mpya mno, hakiijui. Akatafuta kijiprogramu cha tarehe kilicho kipya zaidi, hicho kikakubali, lakini kile cha kuchapa ratiba kikanuna kwa sababu kinamtambua mwenzake wa zamani tu. Ukikiridhisha hiki, kile kinasusa. Ilikuwa kama kupanga viti vya harusi kwenye ukoo wenye ugomvi. Alifuta vyote na kuanza upya, kisha akafuta tena, na kila alipouliza alijibiwa neno lilelile, kwangu inafanya kazi.

"Miwani," alimnong'oneza jirani yake wa meza, baba mmoja mpole ambaye miwani yake ilikuwa nene kama vitako vya glasi. "Hivi wewe ulipoanza hapa, hizi zana ulizisakinishaje?"

"Mimi? Sikusakinisha." Miwani alitupa jicho la pembeni kabla ya kuendelea. "Mtaalamu alininakilia diski yake nzima. Sisi wa zamani wote tulinakiliwa hivyo. Hiki kipimo kimekuja baadaye."

"Yaani hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuziweka mwenyewe?"

"Dada yangu, usinitie matatani. Nina familia."

Damu ilimchemka Kitinda. Hebu fikiria! Chumba kizima cha watu wazima, wiki nzima wanatikisa vichwa kumsikitikia mgeni, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuuvuka huo mto wanaomtazama mwenzao akizama ndani yake. Wao walivushwa wakiwa wamebebwa. Akapiga moyo konde, akainuka, akaenda hadi kwenye meza ya Mtaalamu.

"Samahani, kaka. Naomba unioneshe zana kuu ya kwako ni toleo la ngapi. Ni amri moja tu ya kuandika."

"Ya kwangu ya nini? Shughulika na yako."

"Kwako inafanya kazi. Nataka kujua kwa nini."

"Inafanya kazi kwa sababu najua ninachokifanya, mdogo wangu." Alipaza sauti ili ofisi nzima inufaike. "Kuna watu kazi hii siyo yao, na wala si dhambi. Kuna mmoja alikalia kiti hichohicho chako. Nasikia siku hizi anabadilisha vioo vya simu, na anaendelea vizuri tu."

Wawili watatu walicheka chini kwa chini. Kitinda alitaka kulia, na kwa sababu alitaka kulia akasema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. "Nioneshe hilo toleo!"

Mlango wa Mkurugenzi ulifunguka. Alikuwa mama wa makamo, mtu wa maneno machache, asiyependa kelele wala maelezo marefu. Akauliza kuna nini.

"Mama," Kitinda alimwahi, "kule kabatini kuna kompyuta mpya, bado iko kwenye boksi lake. Naomba yeye mwenyewe aiandae sasa hivi, vilevile alivyotuagiza sisi wageni. Programu ikiwaka, mimi naondoka na sitasema neno."

Mkurugenzi alimtazama Mtaalamu. "Si ni kazi ndogo? Mwoneshe basi, yaishe."

Mtaalamu alikunja mikono ya shati, akakaa, akapiga na mluzi kidogo. Aliweka zana kuu mpya kabisa. Maandishi mekundu yakatokea. Akasema ni mtandao. Akarudia, yakatokea tena, safari hii marefu zaidi. Akasema kompyuta za siku hizi hazina ubora. Mluzi ulikuwa umekoma. Watu walisogea mmojammoja, wakasimama nyuma ya kiti chake, naye akajipangusa shingo na kupapasa droo mpaka akapata flashi.

"Ngoja ninakili tu kutoka kwangu," alisema. "Ndiyo njia ya haraka."

"Hapana." Kitinda aliziba tundu la flashi kwa kiganja. "Sisi hukutunakilia."

"Fungua ya kwako," Mkurugenzi akasema. "Hilo toleo nami nataka kuliona."

Mtaalamu aliandika ile amri polepole kama mtu anayesaini asichokitaka. Ikatokea: toleo la nane. Kwa hesabu ya fani hiyo lilikuwa babu wa mababu. Zana kuu ambayo Kitinda aliagizwa kuiweka ilikuwa ya kumi na nne. Kumbe bwana mkubwa hakuwa ameigusa kompyuta yake miaka nenda rudi! Hata mfagizi alikatazwa kukaribia waya wake. Alikuwa anaogopa kubadilisha chochote isije ikamfia mikononi, na papo hapo anawatuma watoto wa wenzake kwenye yaleyale anayoyaogopa, kisha wakishindwa anawaita wajinga.

Kitinda alirudi kwenye meza yake. Akaiondoa zana mpya, akaweka ya nane, akaweka na vijiprogramu vya rika lake. Hakuna kilichonuna. Ratiba ya wauguzi ikafunguka kwenye skrini, wodi kwa wodi, zamu za asubuhi na za jioni.

"Haya, umefaulu," Mkurugenzi alisema. "Kazi ni yako."

"Nilikuwa nawapima uvumilivu," Mtaalamu akaongeza kwa macho makavu. "Huyu anao."

Na Mkurugenzi akacheka! Kicheko kidogo tu cha kufunga mjadala, lakini Kitinda alikisikia.

"Na wale walioondoka?" aliuliza.

"Ah, hayo yameshapita."

"Yamepita wapi, mama? Huyo wa vioo vya simu ni kaka yangu. Tumetoka tumbo moja."

Hakungoja jibu. Alitoka hadi kwenye korido, akapiga simu. Kaka yake alipokea huku nyuma kukiwa na sauti za wateja.

"Kaka, haikuwa wewe," Kitinda alisema haraka. "Ni zana kuu. Yeye mwenyewe anatumia toleo la nane, halafu watu anawaambia waweke jipya kabisa. Nimeliweka la nane na imewaka. Haikuwa wewe hata kidogo."

Sauti za wateja zikafifia; alikuwa amesogea kando.

"La nane?" kaka akauliza.

"La nane."

"Nilikuwa nalo hilo, Kitinda. Siku nilipofika pale lilikuwa tayari kwenye mashine yangu. Alikuja akaangalia skrini yangu, akasema nimepitwa na wakati, nilifute kabla sijaanza. Nikalifuta." Alipumua. "Nikamshukuru. Nilimwambia asante sana, kaka."

Kitinda alirudi ndani. Watu walikuwa wameshaanza kutawanyika, na Mkurugenzi alikuwa ameshika kitasa cha mlango wake. Alipita katikati yao, akabonyeza kipaza sauti cha simu, akailaza juu ya kibodi ya Mtaalamu.

"Kaka yangu anasikia," alisema. "Alikuja hapa na toleo la nane, ukamwambia alifute. Mwambie kwa nini."

Mtaalamu alimtazama Mkurugenzi. Mkurugenzi aliachia kitasa, na safari hii hakucheka.

"Haloo?" sauti ya kaka iliita kutoka kwenye kibodi. "Haloo, kuna mtu?"

Kitinda alivuta kiti, akakaa mbele ya Mtaalamu, na kusubiri.