Mgeni wa Mwaka wa Tatu

Dada yangu Baibín ana adabu sana, na adabu yake nusura itupotezee mjukuu.

Huku kwetu Conamara, magharibi mwa Ayalandi, tumelelewa hivi: mkiwa kumi jikoni mnapiga soga kwa Kiayalandi, akaingia mtu mmoja wa nje, nyote kumi mnahamia Kiingereza kabla hajafunga mlango. Hakuna anayetoa amri. Ni kama kumpisha mtu kiti karibu na moto. Mama yetu alifanya hivyo kwa daktari, kwa padri mgeni, hata kwa muuza mashuka. Basi Coilín, mwana pekee wa Baibín, alipooa Muireann kutoka Dublin, Baibín alimpa mkamwana wake kiti kizuri, mkate, siagi na Kiingereza.

Shida ni kwamba Muireann alikuja na Kiayalandi chake. Alikisoma shuleni kama wote, halafu akakipenda, akakifukuzia mwenyewe mpaka akakipata. Kina harufu ya darasani, sikatai, lakini ni kizima. Atasema kwa Kiayalandi, "Mama, nikusaidie kumenya viazi?" na Baibín atamjibu kwa Kiingereza laini, "Kaa tu, mwanangu, usijichoshe." Hivyo hivyo hadi mwaka wa tatu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hata kisu cha viazi hakupewa.

Na kinachoniudhi zaidi, kila kiangazi Baibín huwalaza wanafunzi kutoka mjini wanaokuja kujifunza lugha yetu. Hao huwakurupusha kitandani kwa Kiayalandi, huwalisha kwa Kiayalandi, na mmoja akithubutu kuomba chumvi kwa Kiingereza, anaonyeshwa begi lake.

Mwaka huu mwezi wa sita Muireann alikuja kwangu, tumbo limemtangulia mlangoni. Mtoto alitarajiwa kabla ya kuvuna viazi.

"Mama mdogo, nimechoka," akasema, hata chai hakuigusa. "Mtoto akizaliwa atamsikia bibi yake akinisemesha Kiingereza kila siku. Atajua hiyo ndiyo lugha ya mama. Na mtoto humfuata nani?"

"Humfuata mama."

"Basi. Nimemwambia Coilín, kama ni kulea kwa Kiingereza, nitalea kwetu Dublin, karibu na mama yangu. Naye amekubali. Tunangoja tu udongo wa kuwashia moto ukauke, tumsaidie Mama kuuleta nyumbani."

Nilihisi kama nimenyang'anywa kitu mkononi. Siku hiyo hiyo nikavuka barabara kwenda kwa dada.

"Baibín, kwa nini humsemeshi huyo binti lugha yetu?"

"Namheshimu."

"Watoto wa watu unawakaripia toka asubuhi, huyu unamheshimu?"

"Wale ni kazi, Neansa. Huyu ni mkwe. Niongee kasi yangu ashindwe kunijibu, aaibike mbele ya mumewe? Mimi si mchawi."

"Wanahama."

Akasema kila mtu ana haki ya kukaa karibu na mama yake, akaanza kusugua sufuria iliyokwisha takata. Dada yangu akiumia husugua. Nilimwonea huruma, na nilitamani kumpiga na hiyo sufuria.

Wiki ile ile tukaenda kinamasini. Udongo wa kinamasi ndio kuni zetu. Ulikwisha katwa vipande virefu, ukalala juani, na sasa kazi ilikuwa kuusimamisha ukauke. Unaegemeza vipande vinne au vitano, vichwa vikikutana juu, katikati pakiwa wazi. Baibín alimtandikia Muireann blanketi, akamwambia kwa Kiingereza apumzike. Sisi tukainama. Coilín akashuka na ndoo kutafuta maji ya chai.

Tulipogeuka, Muireann alikuwa hayupo blanketini. Alikuwa pembeni ya shimo la maji meusi, amepiga magoti, ameshajenga. Vipande vimebanana kama matofali ya ukuta wa kanisa. Na upande wa visiwani wingu la mvua lilikuwa linakuja.

Baibín alidondosha kipande alichoshika.

"We mwanamke!" Kwa Kiayalandi, kwa sauti niliyoijua tangu tukiwa wadogo. "Nani kakufundisha upuuzi huo? Unakausha au unajenga ukuta? Upepo upite wapi, puani mwako? Na toka kwenye shimo hilo, na tumbo lote hilo! Uteleze unizamishie mjukuu? Una akili au una makamasi?"

Baibín akaziba mdomo kwa mkono wake uliojaa tope. Akaanza kwa Kiingereza, "Mwanangu, nisamehe, sikukusudia..."

Muireann alikuwa analia. Akasimama polepole, akajifuta, akanyoosha kidole.

"Ukuta wangu umesimama, Mama," akasema kwa Kiayalandi. "Wako ule umeanguka."

Tukatazama. Kweli ulikuwa umeanguka.

"Hiyo ni kazi ya Coilín!" Baibín akafoka, na Kiingereza akakisahau. "Mumeo tangu azaliwe hajawahi kusimamisha kitu kikasimama! Njoo hapa kwangu, nikuonyeshe, kabla mvua haijatukuta."

Akamwonyesha, akigombeza kila kipande. Muireann alibisha, akakosea, akabisha tena. Mimi nilijifanya natafuta kilemba changu, maana machozi yalikuwa yananitoka kwa furaha.

Mvua ilikuwa imeanza kudondoka Peadar, jirani yetu, aliposimamisha trekta lake njiani. Alitusalimu sisi kwa lugha yetu, kisha akavua kofia, akamgeukia Muireann, akaanza kwa Kiingereza chake cha adabu kumuuliza hali ya tumbo.

Baibín akainuka, mkono kiunoni.

"Peadar, hicho Kiingereza unamsemesha nani?"

"Namsemesha mgeni wako, Baibín."

"Hapa hakuna mgeni," dada yangu akasema. "Rudia."

Peadar akarudisha kofia kichwani, akarudia.