Chupa ya Mwaka Wetu

Mume wangu ana chupa sitini na tatu za vermuti ya zamani ya Kitaliano, ule mvinyo unaotiwa majani na magome machungu, na tangu nimjue hajawahi kuniambia una ladha gani. Lebo anazijua. Anajua mwaka ambao kiwanda kilibadilisha rangi ya kifuniko. Anajua kwamba malaika wa kwenye lebo moja ana mabawa matatu kwa kosa la mchapaji, na malaika huyo ana rafu yake peke yake, wakati viatu vyangu vinalala chini ya kitanda.

Ni mpima ardhi mstaafu, na tangu enzi za kazi, akikosa shamba la kupima hupima chupa. Kila tarehe mosi huvaa miwani, hushika rula ya chuma, hupima kinywaji kimefika wapi shingoni na kuandika daftarini, kwa sababu chupa ya zamani, hata ikifungwa vipi, hushuka kidogo kidogo. Nimemzalia watoto watatu, na hakuna aliyewahi kupimwa urefu mara nyingi kiasi hicho.

Chupa moja ilikuwa yetu. Aliinunua juma tulilooana, na utepe wa karatasi uliopita juu ya kifuniko ulikuwa na mwaka uleule. "Tutaifungua tukitimiza miaka kumi," aliniambia, na mimi, bibi harusi mjinga, nikalia. Miaka kumi ikatimia. Akaishika, akaigeuza kwenye mwanga, akairudisha rafuni.

"Tungoje kumi na tano, mke wangu. Bado inakomaa."

Vermuti haikomai chupani. Hilo alinifundisha yeye mwenyewe. Niliumia, wala si kwa sababu ya kinywaji. Niliumia kwa kushindwa na chupa.

Sasa, mimi nilikuwa karani wa posta, na karani wa posta anajua mvuke wa birika unavyoilainisha gundi. Msiniulize nilijulia wapi. Mwaka huohuo, aliposafiri kikazi kwenda kupima viwanja, niliubandua utepe bila kuuchana, nikafungua kifuniko, na kwa wiki mbili nikaimaliza, bilauri moja kila jioni, miguu yangu juu ya kiti chake. Ilianza tamu ikaishia chungu, na niliipenda mno. Nikaijaza chai ya rangi iliyochemshwa na maganda ya machungwa, nikaubandika utepe kwa gundi ya unga wa ngano. Chai huota ukungu, kwa hiyo kila mwaka naimwaga na kupika nyingine.

Kumi na tano ikafika: tungoje ishirini. Ishirini ikafika: tungoje ishirini na tano.

Juzi ikafika ishirini na tano. Akawaalika wenzake wawili wa kukusanya chupa, daktari wa meno na fundi saa tunayemwita Kizibo, maana ni mfupi na akishaingia mahali hatoki. Saa tisa alasiri walikuwa sebuleni wakiimulika chupa kwa tochi.

Nilikuwa nimeapa moyoni. Akiifungua kwa ajili yangu, nitakiri mbele ya wote na aibu iwe yangu. Asipoifungua, basi nitaijua nafasi yangu nyumbani humu: nyuma ya malaika wa mabawa matatu.

"Mume wangu," nikasema, "leo ndiyo leo. Fungua."

"Shemeji!" Kizibo akashika kifua. "Chupa ya umri huu, na imejaa hivi? Huu ni muujiza!"

"Muujiza ndio unaonjwa," daktari wa meno akasema, bilauri tayari mkononi. "Mpe shemeji haki yake, bwana."

Mume wangu akaikumbatia. "Hapana."

"Mchoyo wewe!" daktari akafoka.

"Niite utakavyo. Mbele ya watu haifunguliwi."

Wageni wakaondoka, daktari akinitazama kwa huruma, na huruma ile iliniunguza. Mlango ulipofungwa tu nikampokonya chupa, nikauchana utepe, nikamimina mpaka bilauri ikafurika.

"Kunywa! Chai hiyo! Miaka kumi na mitano unalinda chai!"

Akanywa taratibu. Akalamba midomo.

"Mwaka huu maganda umezidisha," akasema. "Ya mwaka jana ilikuwa nzuri zaidi."

Nikakaa bila kuchagua kiti.

"Chupa zote zinashuka," akasema. "Hii, mwaka ule, ilipanda milimita nne. Mimi ni mpima ardhi, mke wangu. Ule mwaka wa kumi nilikosa mimi, kwa hiyo ulipoinywa nikasema sawa, nimestahili. Lakini wale wawili wangeonja leo, kesho mji mzima ungekucheka."

Nikamuuliza kitu cha kijinga kuliko vyote: mbona utepe haukuwahi kuachia?

"Uliachia," akasema. "Gundi yako ya unga haimalizi miezi miwili. Unadhani nani alikuwa anaubandika?"