Bado Uko ya Pili

Kazi yangu ni kuchora visanduku na mishale. Wagonjwa wa figo wa kliniki yetu nimewagawa hivi: hali ya kwanza, figo zimeanza kuchoka, ya pili, zimedhoofika, ya tatu, mgonjwa anaishi kwa mashine ya kusafisha damu, ya nne, kaburi. Kompyuta inakokotoa watu wanavuka kutoka kisanduku hadi kisanduku kwa kasi gani. Majina hayamo, namba tupu, na kutafuta namba ya mtu unayemjua ni marufuku. Marufuku hiyo niliivunja siku ya kwanza. Namba ya kadi ya mama naijua kuliko ya simu yangu, na kila alipotoka kliniki nilichungulia, nikampigia: "Mama, bado uko ya pili. Kula, lala, cheka."

Jumatatu asubuhi niliona jambo likanikera kwanza, kisha likanitia baridi. Wagonjwa kumi na mmoja walikuwa wametulia hali ya pili mwaka mzima, halafu wakaruka moja kwa moja hadi ya nne. Mmoja, sawa, labda ajali. Kumi na mmoja?

Nikashuka masjala. Karani alikuwa anapanga mafaili huku akipiga mluzi.

"Hawa walipimwa lini?"

"Wapimwe na nini, dada? Mashine ya kupima damu imekufa tangu mwaka jana. Wanakuja, wanapimwa presha, wanaondoka."

"Na hii pili, pili, pili imetoka wapi?"

Akanitazama akidhani namtania. "Si agizo lako? 'Penye pengo, jaza hali ya mwisho inayojulikana.' Nimelibandika pale."

Lilikuwa ukutani kweli, na sahihi yangu chini. Kompyuta haipendi mapengo, nami nilikuwa na haraka ya kumaliza ripoti. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Nilipanda ngazi, nikafungua namba ya mama. Ziara tano, pili tano. Aliyopimwa damu ni ya kwanza tu, nyingine zote nilimjazia mimi. Niliogopa, na neno hilo sitalipamba. Vidole vilikosea namba ya simu mara mbili.

"Shikamoo mama. Miguu yako ikoje?"

"Marahaba mwanangu. Mbona unahema? Miguu imevimba kidogo. Viatu vimenikataa mwezi wa nne huu."

"Miezi minne! Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini, na wewe ndiye mwenye kompyuta? Ulisema niko ya pili, nikaona basi, ni uzee tu." Akacheka, pumzi ikamkatikia katikati ya kicheko. Alipoipata akauliza taratibu, "Kwani nimevuka?"

"Sijui, mama. Vaa chochote kinachoingia. Nakuja kukuchukua."