Kaijage Agoma Kupona

Mzee Kaijage wa Nyanga aliikataa sindano ya penisilini, dawa mpya iliyofika Bukoba baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Daktari akamwambia waziwazi kwamba bila hiyo nimonia ingemmaliza kabla ya Jumapili. Mzee akajibu kwamba ndiyo sababu yenyewe.

Alikuwa na wake wawili, Kemilembe na Kokuberwa. Kwa Walutheri wetu wa siku zile, mwenye wake wawili habatizwi mpaka amwache mmoja, isipokuwa awe anakata roho. Basi miaka yote Kaijage alisali kwenye benchi la nyuma, akiimba kuwashinda waliobatizwa. Sasa kifo kimemjia chenyewe, daktari anataka kumharibia!

Mchungaji alipoitwa alisema hawezi kumhesabu kuwa anakufa mtu ambaye dawa yake ipo mezani. Akubali sindano, apone, amwache mke mmoja, ndipo aje. Mimi husema kanuni nyingine zina kichwa kigumu kuliko wagonjwa.

Muharami, Mwislamu wa Miembeni aliyelala kitanda cha jirani na mguu uliovunjika, alimnong'oneza kwamba kwao hata wanne wanaruhusiwa, kwa hiyo nafasi mbili bado ziko wazi. Kaijage alicheka mpaka akakohoa, akamshukuru, akasema nyimbo za huku ameshazizoea.

Kesho yake pumzi ikaanza kukwama. Wake zake walimsihi akubali sindano. Kokuberwa alisema yuko radhi aachwe yeye, bora mume apone. Mwanawe Josia, mwinjilisti wa Rwamishenye, akashika Biblia na kumweleza baba yake kanuni upya, polepole, kama anayefundisha watoto.

"Sawa, mwanangu," Kaijage akasema. "Nichagulie wewe. Nimfukuze Kemilembe aliyekulea, au Kokuberwa aliyekuzaa?"

Josia aliona aibu, akaifunga Biblia. Akachota maji ya ndoo kwa kikombe cha uji, akambatiza baba yake palepale huku machozi yakimtoka. Mzee alijipangusa uso, akakunja mkono wa shati.

"Haya, kamwite daktari na sindano yake."

Akapona. Jumapili moja alionekana benchi la mbele, mke huku na mke huku. Mchungaji, akiwa amefura kwa hasira, alimwita Josia aeleze kwa nini alimbatiza mtu ambaye hakuwa anakufa.

"Alikuwa anakufa, Mchungaji," Josia akasema. "Sisi ndio tuliokuwa tunamwua."